Miguu ya Winga wa Kushoto

Mbuvi wa Kimeu alikuwa mwanikaji wa mkonge katika shamba moja nje kidogo ya Ruiru. Nyuzi zilitoka mashineni zikiwa mbichi na zenye harufu kali, naye alizibeba begani mpaka kwenye uwanja wa waya, akazitandaza, akazigeuza, akaziachia jua. Zikikauka zilikuwa nyeupe. Miaka tisa ya kazi hiyo ilimfundisha kuamini kwamba hakuna kitu kichafu ambacho maji na jua haviwezi kukirudishia heshima.

Juma zima aliitwa kwa namba ya kipande chake, ile kadi ya kibarua. Jumamosi alasiri aliitwa kwa jina. Alichezea timu ya shamba, winga wa kushoto, miguu mitupu kama wenzake wote, na alipoupata mpira kule kwenye mstari hata wanyapara walisimama kutazama. Mkewe, Mwongeli, alisema kwamba siku hiyo moja mumewe alirudi nyumbani akiwa mrefu zaidi.

Mwaka wa 1957, kabla ligi haijaanza, msimamizi wa timu, mzee Muasya, aliacha kazi akarudi Ukambani kulima. Timu ikapewa Jeconia Awiti, fundi wa mashine kutoka Nyanza, mtu asiyepaza sauti. Jioni ya kwanza aliwaketisha wachezaji kwenye nyasi.

"Mwaka jana kule Thika tulikanyagwa," alisema. "Wenzetu walivaa njumu, sisi tulikwenda na vidole vyetu. Watatu walirudi wakichechemea. Mwaka huu kila mtu atavaa. Asiyevaa hachezi."

"Hata Mbuvi?" akauliza Barasa, beki mwenye mdomo.

"Hata Mbuvi."

Njumu zilikuja ndani ya gunia kutoka Nairobi, kuukuu, zimechezewa na watu wengine. Za Mbuvi zilikuwa na tope la uwanja asioujua na jasho la mtu asiyemjua. Akafanya alichozoea. Alizisugua kwa sabuni, akazilowesha mpaka asubuhi, akazitundika kwenye waya katikati ya nyuzi za mkonge, siku tatu za jua kali, akizigeuza asubuhi na adhuhuri.

Alipozishusha zilikuwa safi ajabu. Zilikuwa pia ngumu kama pembe.

Mwongeli akazigonga kwa kidole, zikalia.

"Baba Nduku, umezipika hizi?"

"Nimeziosha."

"Umeziosha kama mkonge. Ngozi inataka mafuta, kama mtoto."

Akaketi mlangoni na kibuyu cha samli aliyoletewa na mama yake, akaikanda ngozi ile jioni mbili bila neno la lawama. Mbuvi alikaa karibu naye akitazama vidole vya mkewe vikienda na kurudi, akaona haya, akaona pia kwamba anapendwa. Ngozi ikalegea kidogo. Mguu uliingia, lakini kidole kidogo kilibaki kimekunjwa humo ndani.

Alhamisi mazoezini hakuweza hata kugeuka.

"Tazameni!" Barasa akapiga kelele. "Kuku amefungwa miguu, anapelekwa sokoni!"

Wote walicheka. Jeconia peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Mbuvi zaidi. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Akaona wazi kwamba upande wa kushoto unamponyoka, na Jumamosi zake zote pamoja nao.

Ijumaa, baada ya kazi, alikwenda chumbani kwa Jeconia, njumu mkononi.

"Bwana Jeconia, nimekurudishia viatu. Niliviharibu mwenyewe. Nilivianika."

"Ulivianika wapi?"

"Kwenye waya. Siku tatu."

"Na ulivigeuza?"

"Mara mbili kwa siku."

Jeconia alijaribu kujizuia, akashindwa. Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kisha fundi akavua kiatu chake cha kulia. Vidole viwili vilikuwa vimelaliana, kimoja juu ya mwenzake.

"Haya niliyapata Kisumu, nilipokanyagwa kwa njumu. Nilikuwa winga, miguu mitupu kama wewe. Hakuna aliyenikataza."

Mbuvi aliinama akautazama mguu ule.

"Uliacha kucheza?"

"Siku ile ile. Mimi siidharau miguu yako, ndugu yangu. Naiogopea."

Akachukua kisu, akaipasua njumu ubavuni mahali kidole kilipobanwa, akaishonea kipande cha ngozi laini. Alimvisha mwenyewe, akiwa amepiga goti sakafuni.

"Tembea."

Mbuvi akatembea mpaka dirishani akarudi.

"Kesho sikuchezeshi," Jeconia akasema. "Bado hujazizoea. Barasa atashika upande wako."

"Barasa! Huyo atakimbilia katikati kama ng'ombe aliyeona maji."

"Basi njoo umwongoze. Lakini uje umevaa."

Jumamosi lori liliwapeleka Thika. Mpira ulipoanza, Mbuvi alisimama nje ya mstari. Baada ya dakika chache hakuweza tena kusimama. Barasa alikimbia, naye akakimbia sambamba naye nje ya mstari.

"Kaa nje, Barasa! Mstarini! Huko katikati umeitwa na nani?"

"Nyamaza, Mkamba! Unanichosha kuliko hawa!"

Lakini Barasa alikaa nje, na kutoka huko akaupiga mpira uliozaa goli la kusawazisha. Mechi ikaisha sare, goli moja kwa goli moja. Hakuna aliyerudi akichechemea.

Karibu na lori Jeconia alimuuliza Mbuvi, "Zinauma?"

"Nini?"

"Njumu."

Mbuvi akatazama chini, kwenye ngozi iliyojaa vumbi jekundu. Alikuwa amekimbia kipindi kizima bila kuzikumbuka.

"Jumamosi ijayo," Jeconia akasema, akimpa mkono apande, "rudi upande wako."