Mlango wa Agripina

Saa tisa alasiri, kijijini Kinampanda, Iramba. Agripina Msengi anaacha cherehani, anapangusa chaki mikononi na kuegemeza simu kwenye marobota ya vitambaa. Darasa limeanza. Wenzake wa shahada ya uzamili ya uandishi na mawasiliano wako mijini. Yeye anawajua kwa sauti tu.

Mlango uko wazi. Jogoo anawika hadi mhadhiri anamwomba Agripina azime kipaza sauti.

"Siku hizi hata jogoo anasoma uzamili," ananiambia fundi huyu wa miaka 36, akicheka kidogo.

Agripina ni mjane, hana mtoto. Baada ya shahada ya kwanza alisubiri ajira mpaka akachoka, akarudi kwenye cherehani ya marehemu mama yake. Mwaka juzi akaanza kusoma tena. Anataka kuandika maelekezo ya zahanati na ya mbegu za alizeti ambayo mkulima atayaelewa bila kutafsiriwa.

Tatizo lilikuwa kelele. Wanawake walizoea kuja barazani kwake kuchambua mboga na kupiga soga, hata wasio na nguo ya kushona. Basi darasa likianza, akawa anaingia ndani na kufunga mlango.

Huku, mchana mlango hufungwa na aliyesafiri, au asiyetaka watu. Hakuna aliyegombana naye. Walipunguza tu kuja, hatimaye wakaacha, na kazi za kushona zikaenda nao.

"Nilidhani wako shambani," anasema. "Mavuno yakapita, bado kimya. Unapika, unakula, unaosha sahani moja. Inauma."

Mwezi uliopita alihitaji watu wa kusoma kipeperushi chake cha utafiti. Akaenda kwa jirani, Bibi Luciana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe upo?"

"Nipo, bibi. Nilikuwa nasoma."

"Sasa sisi tungejuaje, mwanangu? Umetufungia mlango mwaka mzima."

Akinisimulia hayo, Agripina anainamisha kichwa. "Mimi ndiye ninayesomea mawasiliano," anasema. "Aibu ilinishika."

Mwezi ujao atatetea tasnifu yake kwa simu, mlango ukiwa wazi. Kigoda ameshakiweka barazani.

"Mtu akipiga hodi, maprofesa watasubiri. Nitamkaribisha kwanza."

Tangu asubuhi hakuna aliyepiga hodi. Jioni namuaga, na kwa mazoea nauvuta mlango nyuma yangu.

"Uache," ananiambia haraka. "Uache hivyohivyo."