Mwaka Mume Wangu Alipotaka Kuwa Mjerumani

Kila tarehe kumi na moja ya mwezi wa Novemba, saa tano asubuhi, meneja wa shamba letu alituamuru tunyamaze. Kengele ya kiwanda iligongwa, mashine zikazimwa, na sisi wachumaji tukasimama katikati ya michai, vikapu mgongoni, mikono tumeishika mbele kama watu walio kanisani. Nyapara alipita kati ya mistari kuangalia asije mtu akachuma hata jani moja. Siku nyingine zote alipita kuangalia asije mtu akaacha kuchuma, kwa hiyo kazi ile ya dakika mbili ilimchosha sana.

Tuliambiwa kwamba tunawakumbuka waliokufa katika vita vikuu, na kwamba hiyo ndiyo saa ambayo bunduki zilinyamaza na sisi tukashinda. Nilikuwa mwanamke kijana, sijamaliza miaka mitatu tangu mume wangu anitoe kando ya ziwa na kunipandisha huku kwenye baridi ya Kericho kwa njia ya Kiptere, sufuria kichwani. Neno hilo "sisi" lilinipendeza. Sikuwa nimewahi kushinda kitu chochote kabla ya hapo.

Mume wangu alikuwa mmoja wa walioshinda. Alichukuliwa akiwa kijana, akabebeshwa masanduku ya risasi za Waingereza hadi mto Rufiji, mbali kabisa huko kusini. Hakuwahi kupewa bunduki. Walitoka kijijini kwao vijana tisa, wakarudi wawili, na yule mwenzake alirudi hasikii. Mume wangu hakupenda kusimulia habari za huko. Alilosimulia ni kurudi. Alipoondoka nchi iliitwa himaya, yaani inalindwa tu. Aliporudi aliikuta imepanda cheo, inaitwa koloni. Kodi ya nyumba nayo ilikuwa imepanda cheo. Yeye mwenyewe akapewa kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kibati cha kuning'iniza shingoni, ili popote aendapo askari wamtambue mshindi wakimwona.

Meneja naye alikuwa mshindi. Alirudi kutoka vitani akichechemea, na serikali yake ikamshukuru kwa kumpa kipande cha ardhi ambacho hakikuwa chake wala cha serikali. Akapanda kitani. Kitani kikakosa wanunuzi. Akaiuza ile ardhi kwa kampuni ya chai, kisha kampuni ikamwajiri aisimamie. Kila asubuhi alipanda farasi kwenda kibaruani katika zawadi yake mwenyewe.

Chumba cha pili katika safu yetu ya nyumba alikaa mtu wa Tabora na mkewe. Huyu alikuwa askari wa Mdachi, yaani wa Wajerumani. Baada ya vita alihangaika Mwanza, akavuka ziwa kwa meli, akafanya kazi bandarini Kisumu, mwisho akasikia kwamba huku juu kuna posho. Kambi nzima ilimwita Mjerumani. Kiswahili chake kilikuwa kirefu na kimenyooka, na alipozungumza sisi watu wa huku tulijihisi tunaongea tukiwa na viazi mdomoni. Yeye na mume wangu walikuwa wamekaa ng'ambo mbili za mto mmoja, wakiombeana kifo. Sasa waligawana ukuta mmoja na kuazimana chumvi.

"Lakini sisi hatukushindwa, shemeji," aliniambia mara nyingi. "Sisi tuliambiwa. Hiyo saa tano mnayonyamaza, sisi tulikuwa bado tunapigana. Habari ilichelewa kutufikia siku kadhaa. Ikaja karatasi, ikasema vita vimekwisha na ninyi mmeshindwa. Tukauliza, tumeshindwa wapi? Wakasema, Ulaya."

Basi mwaka mmoja, mwaka uliofuata ule wa nzige, karani alisimama mbele ya ghala akasoma tangazo. Wote waliokuwa vitani watapanga mstari mbele ya bendera siku ya kunyamaza. Mchana hawatafanya kazi, na kila mmoja atapewa ratili ya sukari. Jioni ile ikajulikana kwamba karibu kambi nzima ilipigana vita vikuu, wakiwemo vijana ambao wakati huo walikuwa migongoni mwa mama zao.

Asubuhi yenyewe mume wangu alinawa uso, akavaa shati la kanisani, akatoka. Mlangoni alikutana na jirani yake, naye ametakata vilevile.

"Wewe unakwenda wapi?" mume wangu aliuliza. "Hii ni ya walioshinda."

"Karani ameuliza nani alikuwa vitani," alijibu yule. "Hakuuliza upande."

Nilisimama na wanawake wengine karibu na kiwanda, nikaona yote. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mstari wa washindi ulipinda kama mkia wa mbwa, maana wapagazi hawakufundishwa kusimama, walifundishwa kubeba. Meneja alipita mbele yao akiegemea fimbo, akiwaangalia kwa huzuni ya mtu aliyeletewa chakula asichoagiza. Alipofika mwisho, Mjerumani wetu aligonga visigino vyake vitupu, akanyooka, akapiga saluti ambayo tangu nizaliwe sijaona nyingine kama hiyo. Meneja alisimama. Uso wake ulichangamka.

"Wewe askari wa wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuamrishia.

"Askari wa Mdachi, bwana!"

Karani aliangusha penseli. Hapo tulinyamaza zaidi ya dakika mbili, tena bila kengele.

"Rufiji ulikuwa?" meneja akauliza, sauti imeshuka.

"Nilikuwa, bwana. Maji yalifika hapa." Akajigusa kifua.

Meneja aliugusa mguu wake mbovu kwa fimbo. "Na hii?"

Yule jirani aliuangalia ule mguu kwa makini, kama fundi anayeangalia kazi yake ya zamani. "Huenda ni sisi, bwana. Samahani."

Meneja akacheka. Tangu tufike pale hatukuwa tumewahi kumsikia akicheka, na wengine wetu tulidhani amepatwa na ugonjwa. Aliwaacha washindi kwenye manyunyu, akamshika adui yake bega, akaenda naye hadi barazani kwake. Huko walikaa mchana kutwa. Mke wa Mjerumani, aliyekwenda kuchungulia, alirudi akasema wamepanga vijiko na vikombe mezani, kijiko kimoja ni mto, na bwana meneja anabishana juu ya birika lilisimama wapi.

Kabla mwezi haujaisha, Mjerumani alifanywa nyapara wa wapogoaji, wale wanaokata matawi ya michai. Ilisemekana kampuni inahitaji mtu anayejua amri. Mume wangu alikuwa mpogoaji. Kila alfajiri sasa alisimama mbele ya mtu ambaye yeye ndiye alimshinda vitani, akaitwa jina lake, akaitika "Naam", akaonyeshwa mstari wake wa michai.

Alivumilia wiki mbili. Jumapili ya tatu, nyapara mpya alipotoka nje na kigoda chake kama kawaida, mume wangu alimkabili.

"Hebu niambie. Sisi tulioshinda tulipata nini?"

Jirani yetu hakuwa mtu wa kujivuna. Alifikiri kwanza. "Kwetu," alisema taratibu, "Mdachi ameondoka. Amekuja Mwingereza. Kodi tunalipa. Ila hiki," na hapo akakivuta kibati cha kipande kilichokuwa shingoni mwake, maana huku alilazimika kukivaa, "kwetu hakuna. Mtu anatembea kutoka Tabora hadi Mwanza na shingo tupu. Na walowezi si wengi kama hapa. Tumeambiwa sisi ni nchi ya amana, tumewekwa tu mikononi mwa Mwingereza."

"Yaani mlioshindwa hamna kipande?"

"Hatuna."

"Na sisi tulioshinda tunacho."

"Ndugu yangu, mimi sikuandika ile karatasi."

Alikuwapo pia mzee mmoja Mkipsigis aliyetuletea mursik kila Jumapili, maziwa ya kibuyu yaliyochanganywa na masizi ya mti. Alikuwa ameketi akisubiri kibuyu chake nikisafishe. Michai ile yote iliyotuzunguka ilikuwa imepandwa mahali alipochungia ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe waliobaki alikuwa amewahamishia upande wa Ndanai.

"Ninyi wawili mnabishana bure," alisema. "Mimi sikwenda vitani. Nilikataa, nikajificha msituni, nikabaki kulinda nyumbani. Vita vikaisha. Nikatoka msituni, nikakuta nyumbani ndiko kumetekwa."

Tulicheka wote, yeye zaidi yetu, mpaka akalazimika kufuta macho. Halafu tukaona kwamba anaendelea kuyafuta, tukaacha kucheka.

Jumatatu mume wangu alikwenda kwa karani, ambaye alikuwa mtu wa milima jirani ya magharibi, mpole na mwoga wa wino wake.

"Niandike kwamba mimi ni Mjerumani," mume wangu alimwambia.

"Hapa umeandikwa mtu wa ziwani, mbeba mizigo wa Waingereza."

"Futa."

"Baba, siwezi kufuta. Na hata nikifuta, nyapara ni mmoja tu. Nenda kwa bwana mwenyewe."

Nilimsihi asiende. Nilijua watu waliofukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Alikwenda. Alirudi jioni, akakaa, akala kwanza ugali wake wote, mimi roho juu. Ndipo akanisimulia.

Alimkuta meneja nje ya ofisi, akamvulia kofia, akamwuliza moja kwa moja: "Bwana, ile vita, tulishinda au hatukushinda?"

Meneja alimwuliza ametumwa na nani. Akasema hakutumwa, amebeba sanduku la risasi kwenda na kurudi, na angependa kujua lilifanya kazi gani. Alidhani atapigwa kiboko. Badala yake meneja aliegemea nguzo. Alisema alikuwa na kaka wawili, wote wamezikwa Ufaransa. Alisema kwao sasa watu walioshinda wanapanga foleni kwa ajili ya supu, nyumba ya baba yake wanakaa wageni, na wale walioshindwa wanaanza kujenga tena na kutembea wametuna kifua. Alizungumza muda mrefu, na mengine aliyasema kwa Kiingereza, akiiangalia michai.

"Kisha akasema nini?" nilimwuliza.

"Akasema, 'Hata mimi ningependa kujua.' Halafu akakumbuka kwamba mimi ni mpogoaji, akaniambia nirudi kazini."

Meneja alikuwa pia amempa ua jekundu la karatasi, lile wanalovaa Wazungu kifuani siku ya kunyamaza. Mume wangu aliliweka juu ya sanduku letu. Nilipogeuka kumkorogea mtoto uji, mtoto alikuwa amelila nusu.

Mambo yale hayakubaki nyumbani kwetu. Novemba iliyofuata karani aliposimama tena mbele ya ghala na kuuliza nani alikuwa vitani, mikono mingi iliinuka, na alipouliza upande gani, akajibiwa kwa sauti moja kwamba wote ni Wadachi. Kijana mmoja ambaye ndevu hazijaota alipiga visigino mpaka akajiumiza. Hata mtu mmoja wa Kaplong aliyekuja kuuza ng'ombe, wala si mfanyakazi wetu, aliuliza kama anaweza kuandikwa. Karani alirudi ofisini amekunja daftari. Mwaka ule hapakuwa na mstari wala sukari. Tulinyamaza tu pale tuliposimama, tukaendelea kuchuma.

Nisimseme vibaya jirani yetu. Alikuwa nyapara mwenye haki, na mume wangu alipougua kifua wakati wa baridi kubwa, alimpa mistari ya karibu na nyumba bila kuombwa. Baada ya miaka michache mkewe alitamani kwao, wakafunga mizigo. Mume wangu alimbebea sanduku hadi stendi ya malori Kericho. Nilipomtania kwamba hata sasa bado ni mpagazi, alisema safari hii angalau anajua mzigo unakwenda kufanya kazi gani: ni nguo na sufuria.

Walipoagana, walishikana mikono kwa muda mrefu, watu wazima wawili.

Unyapara alipewa mpishi wa bwana meneja, mtu ambaye vita vyake vyote alivipigana na kuku. Mume wangu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama maji ya kuoga yameshapata moto.