Jetoni Kwenye Msumari

Baba yangu aliandika BULASHI, na ole wake aliyethubutu kumsahihisha. Alikuwa kalaki wa magazini ya vyombo mgodini Kolwezi: yeye ndiye aliyewatolea wafanyakazi vyombo asubuhi na kuvipokea jioni. Kila rafu ilikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. SIPANA. FOSHOLO. HOSIPAIPI. BULASHI. Wakubwa wa kazi walisema Kifaransa, shule ilitufundisha Kifaransa, hata padri alitukemea kwa Kifaransa. Lakini babu yangu, kabla ya kuingia mgodi wa Kolwezi, alifanya kazi ng'ambo ya mpaka, kwa Waingereza, na maneno yao aliyabeba kichwani bila kuyaona hata siku moja yameandikwa. Baba aliyapokea kwa sikio. Alipopewa rangi na kuambiwa aandike, aliandika alichokisikia.

Siku moja mhandisi alileta orodha iliyopigwa chapa, Kifaransa kitupu, akaamuru vibao vibadilishwe. Baba alibadilisha, tena kwa unyenyekevu wa kutia shaka. Kesho yake foleni ya asubuhi ilifika getini, kila mtu anauliza fosholo za kuzolea udongo zimehamia wapi. Ijumaa mhandisi mwenyewe alisimama dirishani akiomba sipana, na vibao vya zamani vikarudi. Kisa hicho baba alikisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi foleni ilizidi kurefuka.

Nyumbani pia tuliishi ndani ya maneno hayo. Maji yalichemka kwenye ketulo, uji tulinywa kwa supuni, tulijifunika bulangeti, nguo za Jumapili zilikaa kwenye bokisi. Mimi niliamini hayo ni maneno ya kwetu tangu enzi. Nilipokutana na kitabu cha Kiingereza kwa mara ya kwanza, nikiwa msichana mkubwa, niliona Waingereza wameyaharibu.

Magazini ilikuwa na sheria moja. Kila mfanyakazi alikuwa na jetoni, kibati kidogo cha shaba chenye tundu juu na namba yake katikati. Ukichukua chombo, unaacha jetoni kwenye msumari pale chombo kilipokuwa. Ukirudisha chombo, unapewa jetoni yako. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, hakuna maneno mengi. Msumari wenye jetoni maana yake chombo hakijapotea, kiko kwa mtu. Baba aliiheshimu sheria hiyo kuliko amri nyingine nyingi alizofundishwa kanisani.

Dirisha la pili la magazini lilikuwa la jirani yetu, mtu wa kaskazini ya Katanga, mpole, mwenye kikohozi. Miaka kumi na moja walifanya kazi bega kwa bega. Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja, na mke wake alikuwa akigonga ukuta huo kumwita mama yangu waende sokoni. Mama alikuwa mshonaji. Mashini yake ya kushona, ya kuzungushwa kwa mkono, ndiyo iliyotuvalisha sisi na nusu ya watoto wa kambi ya mgodi.

Halafu zikaja zile siku, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa jimboni Katanga. Sisi tuliozaliwa Kolwezi, ambao Kasai tuliisikia katika hadithi tu, tuliambiwa turudi kwetu. Tukaitwa bilulu, wadudu. Baba alifukuzwa kazini pamoja na wenzake wote wa asili yetu. Jirani akaacha kutusalimu, na ukuta ukanyamaza. Hilo la ukuta liliniuma kuliko matusi ya barabarani, na mpaka leo likinijia kichwani linaniuma.

Tulihamia stesheni, tukakaa chini ya maturubai pamoja na maelfu wengine kungoja treni, wiki baada ya wiki. Hapo ndipo baba alipofanya kosa ambalo kalaki wa magazini tu angeweza kulifanya. Watu wote walificha vitu vyao vya maana kwenye magunia ya makaa na vikapu vya mihogo. Yeye alipanga mabokisi yetu safu moja, akatoa kopo lake la rangi, akaandika juu ya kila bokisi kilichomo. BULANGETI. KETULO NA SUPUNI. Na kwenye bokisi la mwisho, herufi kubwa kuliko zote: MASHINI YA KUSHONA.

"Baba batoto, unaandikia nani?" mama aliuliza. "Unaandikia bezi, bajue ya kuiba?"

"Bokisi haina jina, nani atajua iko na nini?"

"Njo ile minasema!" Ndicho hicho hasa alichokuwa akikisema mama.

Baba hakufuta. Siku ya tatu, mchana kweupe, vijana wenye fimbo walipita kati ya maturubai wakichagua wanachotaka. Mbele yao alikuwa jirani yetu na toroli. Hakututazama. Alielekeza kidole kwenye bokisi la mwisho, akasema kwa sauti ya juu, "Ile mashini ni yangu, mtu asiiguse," akalipakia, akaondoka nalo huku vijana wakimshangilia. Mama alimwita kwa jina mara mbili. Hakugeuka.

Mama alikaa chini akalia kama aliyefiwa. Baba alisimama pale bokisi lilipokuwa, akainama, akaokota kitu udongoni, akakifuta kwa shati. Ilikuwa jetoni. Mia mbili na sita, namba ya jirani. Baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufukuzwe.

"Mashini haipotee," alisema. "Iko kwa mia mbili na sita."

Mama alimwangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Kesho yake treni ilikuja.

Kule Kasai baba alipigilia msumari karibu na mlango kabla hata hatujapata kitanda, akaitundika jetoni. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: rafiki yake alifuata sheria, siku moja tutarudi, tutatoa jetoni, tutapewa mashini. Kwa mama pia jambo lilikuwa limekwisha. Alimwona mtu kwa macho yake akiongoza wezi, na kibati kilichoanguka mfukoni hakikubadilisha kitu. Alifanya vibarua vya kulima, yeye ambaye vidole vyake vilijua kukunja kola. Na akaapa kwamba Kiswahili hakitatoka tena kinywani mwake. Kiapo hicho alikishika. Tuliongea naye Tshiluba chetu kibovu, lugha ya kule Kasai, naye akatujibu kwa Tshiluba chake kilichozidi kunyooka kila mwaka.

Walibishana juu ya jetoni ile mpaka tukazoea. Mimi sikujua nimwamini nani. Niliogopa mama awe anasema kweli, maana kama jirani yule alikuwa mwizi, basi Kolwezi yote niliyoipenda, ukuta na vicheko na njia ya sokoni, ilikuwa uongo. Nami niliipenda sana. Niliitamani mpaka nikaona aibu. Hakuna aliyejua sipana ni nini pale tulipofikia, na nilipoomba bulangeti dukani mwenye duka alicheka. Siku za mwisho za baba, homa ilipompanda, alikuwa akitaja rafu zake moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kama mtu anayekagua kabla ya kufunga. Alifika BULASHI akalala. Tulimzika, na jetoni ikabaki kwenye msumari. Mama aliendelea kusema ni ya mwizi. Lakini kila Jumamosi aliifuta vumbi.

Mwaka juzi shule ninakofundisha ilinituma Kolwezi kwenye semina ya walimu. Niliitungua jetoni asubuhi ya safari. Mama aliniona, akageukia sufuria yake.

Mji ulikuwa umekua, vumbi la mgodi wa Mashamba lilikuwa lilelile. Nyumba yetu walikaa watu wengine. Nilibisha mlango wa pili, ng'ambo ya ukuta wetu. Mke wa jirani alifungua, kichwa cheupe, akanitazama muda mrefu. Kisha, kabla ya salamu, kabla ya kuniuliza jina, akanyoosha mkono.

"Uko na jetoni?"

Nilimwonyesha. Aliishika kwa mikono miwili, akaanza kulia, akaniingiza ndani. Mume wake alikuwa amefariki. Pembeni ya chumba, chini ya kitambaa, ilikuwapo mashini ya mama yangu, juu ya bokisi lenye maandishi ya baba.

"Bale bijana balisomaka pa bokisi," aliniambia. "Balikuwa banataka kuibeba na kuiuzisha. Bwana yangu akasema, nitaibeba mi wa kwanza. Kama angebasalimia, bangemupiga yeye na baba yako pamoja."

"Na walimwamini?"

"Kuamini! Balikuwa banapita kila siku kuangaria kama njo yetu kweli. Na mi sikujuaka kushona, mwana yangu. Nilikaa pa dirisha mwezi muzima, minazungusha mukono bila nyuzi."

Tulicheka huku tunalia. Nilimuuliza kwa nini hajaitumia miaka yote hiyo. Aliniangalia kama nimeuliza swali la kipumbavu. Alisema chombo cha mtu kinatunzwa, hakitumiwi, na mume wake alikitia mafuta kila Krismasi.

Nilimpigia mama simu, nikamweleza yote, kwa Tshiluba. Alinijibu kwa Kiswahili cha Kolwezi, kama vile tulikiacha jana.

"Inazunguka?"

"Inazunguka, mama. Kesho nitaipakia, nitakuja nayo."

"Hapana. Uiache pale."

"Mama, baba aliingoja maisha yake yote."

"Uiache, minasema. Kama inatoka pale, tutabakia na nini Kolwezi? Jetoni njo urudie nayo, uitundike pa nafasi yake." Kisha akaongeza: "Na umuambie mama ule atie nyuzi. Ashone."

Nilimgeukia mwenye nyumba. Alikuwa amesikia, maana simu yangu inapiga kelele. Alinirudishia jetoni, akafunua mashini, akakaa mbele yake, akaniomba nimwonyeshe uzi unapitia wapi.