Kendi, Farasi wa Mzee Stefano

Bado naikumbuka Jumapili ile, mwanangu, niliposimama mbele ya ndugu wa kanisa nikasema maneno yenye sura ya haki kwa nia mbaya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nkubu, na nilikuwa na baiskeli mpya.

Watu waligeuka kuitazama baiskeli ile. Kisha, miaka michache baada ya uhuru, mzungu aliyemwajiri Mzee Stefano kutunza farasi kule Timau aliuza shamba akaenda kwao, akamwachia farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia. Stefano akamleta nyumbani na kumwita Kendi, jina tunalowapa binti zetu, maana yake mpendwa. Tangu hapo hakuna aliyeitazama baiskeli yangu.

Stefano alikuwa mtu wa sala. Hakunywa, hakusengenya, hakukosa ibada. Laiti ningempata na dosari moja, ningelala vizuri. Asubuhi moja nilikuwa nasukuma baiskeli kwenye mlima wa kutoka mtoni, jasho likinitiririka, nikasikia kwato nyuma yangu.

"Bwana asifiwe, Mwalimu!"

Akashuka, akatembea nami kwa miguu hadi juu, akimwongoza Kendi kwa kamba. Mama mmoja aliyekuwa akichuma majani chai akapaza sauti: "Mwalimu, mbona hiyo yako ndiyo inakupanda wewe?" Wachumaji wote wakacheka. Stefano hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikaanza kumchunguza. Nyumba yangu ilitazamana na banda la farasi wake, na mimi nilikuwa mtu wa daftari. Kila asubuhi niliandika: kumpiga farasi brashi, dakika arobaini, kuomba mlangoni, dakika tano. Wiki tatu nzima. Sikujiuliza mwalimu mzima alitafuta nini nyuma ya migomba, saa mkononi.

Katika kanisa letu, baada ya ibada, waliookoka walibaki kwenye ushirika. Mtu alisimama akaungama dhambi yake mwenyewe. Ya jirani haikuwa kazi yake. Mimi nikasimama na daftari.

"Bwana asifiwe! Naungama kwamba nimenyamaza huku ndugu yetu Stefano akiabudu mnyama." Nikasoma dakika zote, siku baada ya siku.

Nilingoja ajitetee, na majibu nilikuwa nimeshayaandaa. Akainuka taratibu, kofia mkononi.

"Mwalimu ni mtu wa hesabu," alisema. "Kama Kendi amemkwaza hata ndugu mmoja, aende."

Wiki hiyohiyo akamuuza kwa muuza maji wa Kiritiri, kule chini kwenye joto, akavute mkokoteni. Niliwaona wakipita barabarani, Kendi akigeuza shingo kila mara. Nilifurahi, mwanangu. Sitakuficha.

Mwezi ukapita. Nikaenda kwa Stefano, nikisema moyoni kwamba namsalimia tu, kumbe nataka kuona anavyoumia. Nilimkuta ameketi bandani, brashi mapajani.

"Karibu, Mwalimu. Unajua sijui tena niwaombee watu vipi?"

"Kwani Mzee, si unaomba hapo mlangoni?"

"Hapo nilikuwa namalizia tu. Maombi yenyewe niliyafanya nikimpiga brashi. Shingoni niliwaombea wagonjwa. Mgongoni, watoto wa shule yako. Wewe ulikuwa bega la kushoto. Alikuwa na kovu pale, kwa hivyo nilipita polepole."

Kesho yake nilishuka hadi Kiritiri kumwomba yule muuza maji amrudishe. Mkokoteni ulikuwa umeegemezwa ukutani, punda wawili kando yake.

"Umechelewa, bwana," aliniambia. "Yule alikuwa wa baridi. Joto la huku na maji mazito, alianguka juzi, hakuinuka."

Jumapili iliyofuata nilisimama tena kwenye ushirika, bila daftari. "Naungama wivu," nikasema, nikaeleza yote mpaka kifo cha Kendi. Stefano alifunika uso kwa kofia yake kwa muda mrefu. Lakini amina ya kwanza ilitoka kwake.

Nje, akanitia ile brashi mkononi. "Ipige baiskeli yako kila asubuhi, Mwalimu. Mimi uniweke kwenye gurudumu la mbele."

Nilifanya hivyo mpaka siku tuliyomzika, na baiskeli ilipochakaa niliendelea kuomba nikipiga viatu vyangu brashi.

Mwanangu, moyo ukikuuma kwa sababu ya kitu anachokipenda mwenzako, sema mapema kwamba huo ni wivu, kabla haujavaa nguo za Jumapili ukajiita uchaji. Usimhesabie mtu dakika zake na Mungu. Wewe uko nyuma ya migomba, huyasikii maneno yake. Na ukikosea, ungama lako tu.

Mungu akupe kitu cha kukipenda kama Stefano alivyompenda Kendi, na akujalie jirani mwema kuliko nilivyokuwa mimi.