Mgongo wa Karani wa Uwanja wa Ndege

Karani wa uwanja wetu wa ndege hapa Ausuittuq, kijiji chetu cha barafu huku kaskazini, hana maneno mengi. Hujibu kama sisi sote: akiinua nyusi ni ndiyo, akikunja pua ni hapana. Muulize habari ya ndege ya kutoka kijiji jirani cha Qausuittuq, atakuambia bila kutazama karatasi, "Kilomita mia tatu themanini na tano, mwendo wa saa moja na nusu." Kisha atavua glavu, apulizie vidole, azivae tena.

Juzi binti yangu Ulluriaq alikuwa anarudi kwa ndege hiyo na mtoto wa siku tisa, mjukuu ambaye sijamwona. Ndege ilipokuwa imekaa angani saa nzima, nikamuuliza karani, "Wanakuja?" Akainua nyusi, akanitania, "Wewe mama, ungekuwa ndani ya ndege hiyo ungeshuka uisukume!" Saa moja na nusu ya safari ikatimia. Nikauliza tena, akainua nyusi, ila utani ulikwisha. Saa mbili zilipotimia, theluji ilikuwa imezifunika taa za njia ya ndege. "Wanakuja?" Akanipa mgongo.

Miaka yote hii sijamwona akimficha mtu uso. Nikamvuta koti. "Geuka nikuone!" Hakugeuka. Alikuwa ameibana redio sikioni kwa mikono miwili, mikono mitupu. Redio ikakoroma. Ndipo akanigeukia, midomo imemkauka.

"Upepo umewarudisha Qausuittuq. Wametua."

"Na mtoto?"

Akainua nyusi, zikabaki huko juu zikitetemeka, mpaka nilipoliachia koti lake.