Mtu Aliyesimama Kwenye Mafuta

Najua utaniuliza kama nilikuwa nimelewa, basi nikujibu mapema: sinywi, na ilikuwa saa sita mchana. Jua la utosi, kuku wanachakura uani, jirani kafungulia redio. Watu wengi huona mambo haya usiku, wakiwa na usingizi na woga. Mimi niliyaona nikiwa na spana mkononi, tena si siku moja, ni karibu miezi miwili. Hutaki kuamini? Shauri yako. Mimi nasema nilichoona.

Naishi hapa Kamina, kwenye kambi ya reli, katika nyumba aliyobaki nayo baba yangu alipostaafu. Baba alipigilia reli maisha yake yote, lakini si mtu wa hapa. Kwao ni Kinkondja, ziwani. Mwaka ule nyonga yake ilikuwa imekwisha kabisa. Pikipiki hawezi, baiskeli hawezi, kupanda ngazi ya behewa ndiyo kabisa. Na kila nikimletea uji asubuhi alikuwa na neno moja tu.

"Mwana, minyi sitaki kufia hapa. Unipeleke kwetu."

Daktari aliniita pembeni akaniambia kama nina safari naye, nisichelewe. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kukodi gari la kwenda hadi ziwani sikuweza hata kuota. Mimi ni mchomeleaji wa vibarua: leo geti, kesho jiko la mkaa, keshokutwa nimekaa tu.

Karibu na sokoni kuna mjane mmoja, Mama Albertine. Mume wake marehemu alikuwa mchuuzi wa samaki, na nyuma ya nyumba yao palikuwa na kamionete yake ya zamani, ile ya turubai nyuma, imekaa juu ya matofali miaka na miaka. Magurudumu hakuna, kioo kimepasuka, kuku ameatamia juu ya kiti. Mama Albertine aliniuzia kwa bei ya chuma chakavu, akashukuru kupata nafasi ya kupanda mihogo. Tulipoifikisha nyumbani kwa kuisukuma juu ya magurudumu ya kuazima, mke wangu Godelieve aliizunguka mara mbili, akashika kiuno.

"Baba Marie, umenunua motokari ao umenunua kuku?"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Sakafu niliikata kutoka kwenye pipa la mafuta. Gasketi nilizikata kwa mkasi kutoka kwenye katoni za sabuni, nikazipaka grisi. Kiti nilikijaza magunia makuukuu. Rangi niliipuliza kwa ile pompu ndogo ya kuulia mbu, na kama uliwahi kufanya hivyo unajua kidole gumba kinavyovimba. Kila kitu kilikuwa cha kuokoteza, ila kilikaa.

Siku nilipong'oa kiti, chini yake nilikuta mkebe wa maziwa ya unga, umefungwa mdomo kwa kitambaa cheupe kilichogeuka kahawia. Nikafungua. Udongo. Udongo mwekundu, mkavu, laini, basi. Nikadhani marehemu aliuweka kwa ajili ya kumwagikiwa na mafuta, maana sisi mafundi ndivyo tunavyofanya: mafuta yakimwagika chini, unayafunika kwa udongo mkavu yanywewe, usiteleze. Na kweli, palepale nilipotoa oili kuukuu ya injini, beseni likapinduka. Ilikuwa wakati wa mvua, udongo wote wa uani ulikuwa tope. Nikamwaga ule wa mkebe juu ya oili, nikausawazisha kwa mguu. Mkebe nikautia mafuta ya taa, nikalowekea bolti zenye kutu.

Kesho yake saa sita, nilikuwa nimelala chini ya kamionete nikasikia mtu anasema.

"Fundi, ile motere utahangaika nayo bure. Mu tiyo ya esanse kuko nyumba ya manyigu."

Nikatoka. Mwanamume wa makamo, suruali ya kaki, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, peku. Amesimama pale pale kwenye doa la oili. Nikamsalimu kama mtu yeyote, nikamwita mukubwa, maana alinizidi umri. Nikafungua bomba la petroli. Amini usiamini, ndani palikuwa na kiota cha manyigu, kimeziba kama kizibo cha chupa.

"Unajua namna gani, mukubwa?"

"Nilikaa mu ile motokari myaka mingi."

Basi nikadhani alikuwa msaidizi wa yule mchuuzi. Nani asingedhani hivyo? Akawa anakuja kila siku, saa ileile. Alinionyesha chuma cha shasi kilichopasuka ndani, ambacho kwa nje kilionekana kizima. Aliniambia ufunguo wa tangi umenasa kwenye springi za kiti, nikaukuta. Sikuwahi kumwona akiingia getini wala akitoka. Nikigeuka kuchukua nyundo, yupo. Nikigeuka tena, hayupo. Godelieve hakumwona hata siku moja. Alikuwa akinisikia naongea, akaniambia ninywe maji, jua ni kali.

Kulikuwa na mambo mengine, na nakiri niliyaona ila nilikuwa na haraka. Kwanza, hakuwahi kuondoka kwenye lile doa. Nilimwambia asogee kivulini, tule bukari, ugali wetu, pamoja. Akasema, "Siwezi." Pili, miguu yake. Siku ya kwanza nyayo zilikuwa nyeusi kwa oili. Juma lililofuata, hadi vifundoni. Baadaye, hadi magotini, na suruali imegandamana. Na ilipopiga mvua kubwa ya siku mbili, ikachimba kamfereji katikati ya ua, alirudi sauti imekauka, mashavu yameingia ndani, kama mtu aliyetoka kuugua. Nikamuuliza kama ana homa. Akauliza kitu kingine.

"Fundi, ikitembea, utanibeba? Kwetu iko njia ya ziwa."

Nikiwa nimeuma skrubu mdomoni, nikamjibu, "Ikitembea, weye njo wa kwanza."

Kwamba yeye ndiye wa kwanza, nilisema tu, kama watu wanavyosema. Ndiyo, mimi huyu.

Siku ilifika. Injini iliwaka, ikakohoa moshi, ikatulia ikiunguruma vizuri. Baba alikaa kitandani akalia kwa furaha, mimi sijawahi kumwona analia. Lakini kwenye kibanda cha dereva ni watu wawili: dereva na mmoja. Nyuma tulipakia godoro, Godelieve na vyombo, pakajaa. Nikamfikiria yule mukubwa, nikajisemea: ana miguu mizima, atangoja safari ya pili. Kwa nini mzee mgonjwa akae nyuma kwenye vumbi kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake silijui? Nikapanga tuondoke alfajiri, kabla hajafika. Nilimkimbia, nisikudanganye.

Gari ilifika getini ikazima. Zima kabisa. Tukaisukuma kurudi uani, ikawaka mara moja. Tukaenda getini, ikazima. Nilibadilisha boji za kutoa cheche, nikasafisha karburateri, nikakagua waya mmoja mmoja. Uani inawaka, getini inakufa. Majirani wakaanza kukaa kwenye vizingiti vyao kutazama sinema ya bure. Jua likapanda hadi utosini, na Baba bado yuko kwenye kiti cha mbele, jasho linamtoka, pumzi fupi fupi. Niliogopa atanifia palepale, hatua kumi kutoka kitandani mwake.

Ndipo akageuza shingo, akatazama uani.

"Mwana, ule muntu unamuacha juu ya nini, sababu gani?"

"Muntu gani, Baba?"

"Ule mwenye kusimama mu mafuta. Iko analia."

Nikageuka. Alikuwa pale, mafuta yamemfika kiunoni. Analia bila kelele, kama wanaume wanavyolia. Hapo tu ndipo akili yangu ilipoacha kumwita mtu wa kawaida.

Baba akaniuliza nilimwaga nini pale. Nikasema udongo tu, wa kwenye mkebe, ulikuwa chini ya kiti. Umefungwa kitambaa? Ndiyo. Cheupe? Ndiyo, Baba. Mzee akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Muntu wetu akifia mbali," akasema, "na hakuna njia ya kubeba mwili, tunakamata udongo ya kaburi yake. Tunafunga muzuri, tunapeleka kwabo. Kule njo banamulilia, njo analala. Mwana, weye ulimwaga muntu."

Nilikimbia kwa Mama Albertine na mikono yangu ya grisi. Nilipotaja mkebe tu, akajipiga kifuani.

"Yoo! Ule mukebe! Minyi nilisahau!"

Akanieleza. Palikuwa na mwashi mmoja aliyefanya kazi huko Base, kambi ya jeshi nje ya mji, akafia huko, akazikwa huko. Ndugu yake alimpa mume wa Mama Albertine ule udongo aufikishe kijijini kwao, kando ya njia ya Kinkondja, maana ndiyo njia yake ya samaki. Juma lilelile kamionete ikaharibika. Kisha mchuuzi mwenyewe akaugua, akafa. Nani angekumbuka mkebe?

Nilirudi, nikapiga magoti uani mbele ya majirani wote. Niliuosha mkebe mara tatu na bado ulinuka mafuta ya taa. Nikachota kwa kijiko, halafu kwa vidole. Sasa sikiliza: mvua ilikuwa imeshabeba. Kuku walikuwa wamechakura. Na mimi mwenyewe, juma moja kabla, nilizoa koleo zima la tope lile la oili nikalitupa mtaroni, kwa sababu lilichafua malapa yangu. Nilichopata hakikufika nusu ya mkebe. Niliona haya, haya ambayo sijawahi kuona hata nilipofukuzwa kazi. Nikafunga kitambaa kipya cheupe, nikauweka juu ya mapaja ya Baba.

Kamionete ikapita getini bila hata kukohoa.

Safari ilikuwa siku mbili, na mashimo yake unayajua. Baba hakulalamika hata mara moja. Alishika mkebe, akaongea Kiluba njia nzima, akisimama kidogo kama mtu anayesikiliza jibu, kisha anacheka. Wanaongea mambo ya samaki, ya mitumbwi, ya watu waliokufa zamani. Mimi sikusikia sauti ya pili. Niliendesha tu, macho mbele.

Kijijini kwa yule mwashi tulimkuta dada yake, mama mzee. Alipoona kitambaa alijua kabla sijasema, akapiga yowe watu wakajaa. Aliupokea mkebe kwa magoti. Akaupima mkononi, juu, chini. Akafungua, akanusa, akaniangalia machoni.

"Ingine iko wapi?"

"Njo yote, mama," nikamwambia.

Nilisema uongo. Mbele ya watu wote, mbele ya baba yangu, nilisema uongo, na yule mama alijua. Akafunga kitambaa polepole, akaanza kumlilia ndugu yake. Baba hakunisemesha hadi tulipoona maji.

Nashukuru Mungu, Baba alifika. Tulimweka mbele ya nyumba ya shangazi, akaomba samaki mbichi wa kupikwa hapohapo, akala na miiba, akawatukana binamu zake kwa majina ya utotoni na wao wakamrudishia. Majuma matatu aliishi hivyo. Kisha akalala siku moja asiamke. Nililia sana, sikatai, lakini sikuwa na deni naye.

Niliporudi Kamina, siku ya kwanza, saa sita, nilitoka uani na yule mwashi yupo. Palepale. Mafuta yamefika kifuani. Ananiangalia, mdomo unafunguka na kufunga, na hakuna neno linalotoka. Nadhani sauti ndiyo iliyofika kwao. Yaliyobaki ni haya.

Tangu hapo, kila kiangazi nakwangua udongo wa ua wangu na wa mtaroni, nafunga kitambaa, napeleka. Nimeshaenda mara nne. Yule mama anapokea, ananusa, ananipa maji ya kunywa kwa sababu ni mgeni. Narudi, namkuta yupo. Godelieve amehamisha jiko upande wa barabarani, hataki hata kueleza kwa nini. Kamionete inatembea vizuri, lakini siwezi kuiuza na siwezi kuifurahia. Baba yangu amelala kwao, mzima, bila kupungua. Mtoto wa mama mwingine nimemgawa vipande, kwa uvivu wa kutafuta mchanga mkavu.

Kwa hiyo wewe unayenunua gari la marehemu, usianze na injini. Nenda ukae na wenye gari, unywe maji yao, uwaulize kama kuna mtu ndani. Waulize hivyohivyo, kama kuna mtu ndani. Watakucheka, waache wacheke, na wewe usiguse kitu chochote mpaka wamekujibu.