Nguo ya Manjano Katika Wimbo wa Kwaya

Mama Odile, mke wa Zacharie mvuvi, alikuwa na kinywa kisichojua kupumzika, na ndiyo sababu pasta Nicolas alimpa kazi ya kupima nyimbo.

Alizaliwa Yanonge, akafundishwa kusoma na watu wa misheni, kisha akapanda mto hadi Kisangani kuolewa kwa wavuvi wa maporomoko. Huko alijifunza kukausha samaki kwa moshi, kumstahi mama mkwe asiyecheka, na kulala huku maji yakinguruma usiku kucha kama mtu aliyedhulumiwa. Biblia yake ilinuka moshi. Aliisoma akigeuza samaki, hata kurasa za Zaburi zikaingia mafuta na kuanza kuonyesha maandishi ya upande wa pili.

Miaka hiyo ya hamsini magitaa yalikuwa yamejaa mjini. Vijana walisikia nyimbo za mapenzi kwenye baa za Cité, mtaa wa Waafrika, wakazileta kanisani baada ya kuziosha kidogo: jina la msichana linatoka, jina la Bwana linaingia. Mashemasi walijaribu kuzichuja wakaishia kugombana. Mmoja alikataa kila wimbo wenye gitaa, mwingine alikubali kila wimbo wenye Haleluya. Pasta alipochoka alisema, "Bon. Tumupe Mama Odile. Yeye atagombana peke yake."

Odile alijitungia kipimo. "Wimbo kama naweza kumuimbia Zacharie," alisema, "tusimuimbie Mungu."

Aliyefaidi zaidi kipimo hicho alikuwa Zacharie mwenyewe. Jioni alikaa akitengeneza mitego yake, akimngoja mke wake arudi kutoka mazoezi ya kwaya.

"Leo walikuletea nini?"

"Iko moja inasema, bila wewe chakula hakina chumvi."

"Uimbe kwanza, tusikie."

Odile akaimba. Zacharie akasikiliza kwa makini ya hakimu, kichwa upande, kisha akasema kwamba hakusikia vizuri ubeti wa kwanza, urudiwe. Wimbo huo ulikataliwa kanisani, lakini nyumbani kwao uliimbwa wiki nzima.

Ndipo akaja Octave. Octave alikuwa fundi cherehani, mwenye cherehani yake kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja karibu na soko. Alikuwa na vidole vyembamba, vyema kwa sindano na kwa nyuzi za gitaa. Alileta wimbo wake, na kwaya ikaushika siku hiyohiyo:

*Unapopita asubuhi, vazi lako la manjano,*
*jua linafunika uso kwa haya.*
*Nyumba yako iko kilimani, dirisha laangalia mto,*
*mimi niko chini, nainua macho.*

Ulikuwa mtamu, hakuna aliyebisha. Pasta Nicolas aliuimba puani akinyoa ndevu, akauimba puani akila. Aliwaeleza mashemasi kwamba vazi lile ni utukufu wa Yesu alipogeuka sura mlimani, na mto ule ni mto wa uzima ulio katika Ufunuo. Mashemasi wakaitikia kwa vichwa, maana wimbo ukishaelezwa na pasta huwa mzito.

Odile aliupeleka nyumbani, akamwimbia Zacharie. Mume wake akaweka mtego chini.

"Hii si ya mimi," alisema. "Nguo ya manjano sina. Na dirisha yetu inaangalia jiko ya jirani Berthe."

Odile akakaa kimya, jambo lililomshtua Zacharie kuliko wimbo. Kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, wimbo usiomfaa Zacharie ulikuwa wa Mungu. Lakini huyu Mungu wa Octave alionekana kama mtu ambaye Odile amekwisha kukutana naye sokoni. Akaivuta Biblia yake, akaanza kutafuta nguo. Aliona nyeupe. Aliona nyekundu, zambarau, na buluu kwa wingi pale makuhani wanapovalishwa. Nguo ya manjano hakuiona, ingawa alitafuta mpaka samaki wa upande wa chini wakaungua.

Jumamosi kwaya ilipokusanyika, pasta alikuwepo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kusikia jibu analolijua. Safu ya pili, kati ya waimbaji wa sauti ya pili, alikaa Viviane, binti yake. Ingawa joto lilikuwa kali, alikuwa amejizungushia kitenge mabegani mpaka kidevuni.

"Mama Odile," pasta alisema, "tuandike wimbo ya Octave kwa orodha ya Jumapili?"

"Pasta, sijue bado. Mi nilitaka kumuuliza Octave. Wimbo iko ya nani?"

"Ya Bwana, mama," Octave alijibu haraka.

"Unamutamani Bwana sana."

Wenye sauti nzito walianza kukohoa. Octave alikuwa amejiandaa. "Mama, nasikia unapima na Papa Zacharie. Alors, pima na hii: Kama vile paa anatamani mito ya maji, ni vile roho yangu inakutamani wewe. Unaweza kumuimbia papa?"

Odile akafikiri kwa uaminifu. Alimwona Zacharie na kichwa chake upande. "Naweza," alisema. "Hata atasema nirudilie."

"Bon. Ile ni Zaburi. Donc tuitoe mu Biblia?"

Kwaya ikacheka, na Odile akacheka nao. Alikuwa amenaswa, tena vizuri, kama samaki aingiavyo mtegoni kichwa mbele. Hakuona haya. Ila aliomba Biblia ya pasta, kwa kuwa yake aliiacha nyumbani, akafungua Zaburi ya arobaini na mbili.

"Wewe uliishia juu, na ukaacha pale imeandikwa Ee Mungu," alimwambia Octave. "Twende chini." Akasoma polepole mpaka pale kilindi kinapoita kilindi kwa ngurumo ya maporomoko, na mawimbi yote yanapopita juu ya mtu.

Hapo sauti yake ilibadilika kidogo. Kila mtu alikumbuka mwaka ule miti inayobeba mitego mtoni ilipovunjika na maji yakamchukua Zacharie, akapatikana amening'inia kwenye kamba, hajui jina lake.

"Siku ile mi nilisoma hii," Odile alisema. "Sikumusomea mwanaume. Mwanaume alikuwa mu maji. Zaburi inaanza na kiu, Octave, lakini haiishie kwa kiu. Inaenda mupaka kwa maji yenye inataka kukuua, na pale ingali inaita Mungu. Wimbo yako inaishia wapi?"

"Kwa dirisha," mtu mmoja wa sauti nzito alisema.

Walicheka tena, isipokuwa watu wawili. Odile akamgeukia pasta kwa heshima zote.

"Pasta, kule mulimani, nguo ya Yesu ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe," pasta alijibu, kwa sauti ya mtu anayefundisha. Kisha midomo yake ikaonekana ikipitia ubeti wa kwanza. Alifika kwenye nyumba ya kilimani. Nyumba ya kilimani yenye dirisha la mtoni ilikuwa moja tu, na yeye ndiye aliyeishi humo. Akatazama safu ya pili. Kitenge cha Viviane kilikuwa kimeteleza, na chini yake manjano yaling'aa kama ndizi iliyoiva.

Kwaya nzima ilijua tangu wiki ya kwanza. Aliyekuwa hajui ni yule aliyeuimba wimbo puani akinyoa ndevu.

"Ile nguo," pasta alisema, "nani alimupima?"

"Mama yake alikuwa pale, pasta," Octave akajibu.

"Sikuuliza nani alikuwa pale."

Viviane alianza kulia bila sauti, na Odile, aliyekuja kwa uchokozi wake, akaona uchokozi umefika mbali. Akafunga Biblia.

"Pasta, wimbo si mubaya," alisema. "Walikosea tu nyumba ya kuipeleka. Octave aibebe vizuri, na batonton yake, mu mulango, si mu dirisha."

Pasta hakumsalimia Octave kwa muda mrefu, na alipoimba puani, aliimba nyimbo za zamani. Lakini kijana alikuja na wajomba wake, Tonton Valère akitangulia na mbuzi asiyetaka kutembea, na wazee wakazungumza mpaka wakasikilizana. Harusi ilifanyika. Uani, mbele ya sahani za lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, Octave aliuimba wimbo wake wote, jina la Viviane likiwa mahali pake, na pasta aliangalia pembeni huku mguu wake mmoja ukipiga mdundo bila ruhusa.

Baadaye Octave alitunga wimbo mwingine kutoka Zaburi ileile, na safari hii hakuruka kitu. Ulipofika kwenye maporomoko, wavuvi waliozoea kukaa nyuma na kuchezesha midomo waliimba kwa kifua, na mama mkwe wa Odile akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mwaka uliofuata pasta Nicolas alimjia Odile penye moshi, akazunguka sana katika maneno, mwishowe akamwomba awe anasikiliza na mahubiri yake kabla ya Jumapili. Odile alikataa. Alimwambia kazi ile ni kubwa mno, na samaki hawawezi kungoja.